Kupaka, Kusinga, Kuchua na Kukanda: Mafuta Gani, Krimu Gani, kwa Maumivu Gani?

(Hotuba hii ilisomwa katika ukumbi wa chakula siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa. Tunaichapa kwa ombi la wengi. – Mhariri)



 Ndugu Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alidhani nitasema habari za utumishi wa Serikali, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipotoka Chuo Kikuu. Nilimjibu kwamba habari za mafaili mtazisikia kwa wengine, tena hazina utamu. Mimi nataka kuzungumza juu ya chupa ya dawa ya kuchua. Katibu alicheka. Nilipomweleza sababu, hakucheka tena.

Sababu yenyewe ni hii. Mwaka 1997 nilikuwa Kidato cha Tatu katika shule hii. Timu ya mpira ya bweni letu ilinikabidhi sanduku la huduma ya kwanza, si kwa sababu nilijua tiba, bali kwa sababu sikujua mpira. Ndani ya sanduku mlikuwa na bandeji mbili, mkasi usiokata, na chupa ya dawa ya kuchua yenye harufu kali, ile inayowaka. Wenzangu wakaniita Dokta, nami nikaitikia.

Jumamosi moja winga wetu wa kushoto aliruka kugombea mpira, akatua vibaya, mguu ukapinduka. Nilikimbia uwanjani na chupa yangu. Nikamwaga dawa, nikachua kifundo cha mguu kwa nguvu zangu zote, naye akauma kola ya jezi asipige kelele. Nakumbuka nilimwambia, "Vumilia, dawa inaingia." Kisha nikafunga bandeji kwa kukaza juu ya dawa ile ile. Usiku nikarudia, tena kwa maji ya moto. Nikarudia usiku wa pili, wa tatu na wa nne. Mwenzangu hakutaka mwalimu wala muuguzi ajue, kwa sababu juma lililofuata walikuwa wanachagua vijana wa timu ya mkoa kwa ajili ya michezo ya UMISSETA. Lakini wazee walisema, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Siku ya tano hakuweza kushuka kitandani. Tulipofungua bandeji tulikuta mguu umevimba kama mkate, na ngozi imetoka malengelenge kwa kuungua.

Hospitalini picha ilionyesha kwamba mfupa mwembamba wa upande wa nje ulikuwa umevunjika karibu na kifundo. Waganga walipaswa kusubiri ngozi ipone kwanza ndipo waushughulikie mguu vizuri. Alipoteza muhula mzima. Mfupa uliunga, ila kifundo kile hakikukunjika tena kama zamani, wala hakucheza tena mpira wa mashindano. Yumo humu ukumbini leo. Amenipa ruhusa ya kusema yote, ila nisimtaje jina.

Ndugu zangu, mimi si daktari. Lakini tangu siku ile sijapita duka la dawa bila kusoma maandishi ya chupa. Na miaka ya karibuni, kiti cha ofisini kiliponiharibia mgongo, na mama yangu alipoanza kuumwa magoti, nilipata bahati ya kuwauliza wataalamu wa mazoezi ya viungo na wauguzi maswali yote niliyoyaweka moyoni. Leo nitawaeleza niliyoyakusanya. Muuguzi wa shule ameyasoma kabla yenu.

VITENZI VINNE

Kiswahili chetu kimekwisha kutufanyia nusu ya kazi. Kina vitenzi vinne ambavyo sisi huvichanganya ovyo: kupaka, kusinga, kuchua na kukanda.

Kupaka ni kuweka kitu juu ya ngozi kibaki hapo kifanye kazi yake. Kusinga ni kusugua ngozi kwa manukato na mafuta ili ing'ae na kunukia, kama wafanyiwavyo maharusi wa pwani kwa singo na liwa. Kuchua ni kupitisha mkono juu ya misuli kwa kukaza, kwenda na kurudi. Kukanda ni kubonyeza na kuminya mahali pamoja, kama mtu akandavyo unga wa chapati.

Ukijua mkono wako unakwenda kufanya kitendo kipi kati ya hivyo, umekaribia kujua uchukue chupa ipi. Kosa letu ni kuanza na chupa. Tunaona chupa, tunamiminia, ndipo tunajiuliza mtu anaumwa nini.

MAFUTA NI NINI, KRIMU NI NINI

Mafuta hayana maji ndani yake. Ndiyo maana hukaa juu ya ngozi muda mrefu na mkono huteleza bila kukwama. Watu husema mafuta "yanaingia mpaka mfupani". Hayaingii. Mafuta ya mimea, kama nazi au alizeti, hubaki hasa katika tabaka la juu kabisa la ngozi. Kinachofika kwenye misuli ni nguvu na joto la mkono.

Krimu ni mafuta na maji yaliyounganishwa yasitengane. Mfano wake mnao jikoni: tui la nazi. Tui ni mafuta ndani ya maji, na ndiyo maana ni jeupe na zito. Krimu ikipakwa, maji yake hukauka na sehemu ya mafuta hubaki kwenye ngozi, kwa hiyo baada ya dakika chache mkono huanza kushika. Losheni ni krimu yenye maji mengi zaidi. Marhamu ina mafuta mengi na maji kidogo, au haina maji kabisa. Jeli ya dawa aghalabu ni maji au spiriti iliyofanywa nzito, hukauka upesi, wala haifai kuchulia.

Kutokana na hayo inapatikana kanuni ambayo naomba vijana mwiandike: mkono ukitaka kuteleza, chukua mafuta, mkono ukitaka kushika, chukua krimu, dawa ikitakiwa kufanya kazi, paka, usichue.

Kuna na tofauti ya utunzaji. Krimu, kwa kuwa ina maji, huweza kuota vijidudu. Viwanda hutia dawa ya kuihifadhi. Wewe ukichanganya krimu yako nyumbani bila dawa hiyo, usiiweke siku nyingi. Wala usichovye kidole kilicholowa katika kopo la watu wote. Mafuta matupu hayaoti vijidudu kwa urahisi, ila hewa na mwanga huyaharibu. Yatunze katika chupa ya rangi, mahali pa baridi, na yakianza kunuka vibaya yamwage.

KAZI KWA KAZI

Sasa tuje kwenye mahitaji yenyewe, moja baada ya jingine.

Kwanza, uchovu wa michezo. Mapaja na ndama za miguu zikiwa nzito baada ya mbio, kinachotakiwa ni kuchua taratibu, kwa mkono mpana, kuelekea upande wa moyo. Hapa mafuta ndiyo mahali pake. Alizeti ni mepesi, bei yake nafuu, na hayana harufu kali. Ufuta ni mazuri pia, nayo hayaharibiki upesi. Nazi ni mazuri, ila ninyi wa nyanda hizi mnajua hali yake mwezi wa Juni: chini ya nyuzi 24 hivi huganda. Yaweke chupa ndani ya maji ya vuguvugu kwanza. Mafuta ya mbarika ni mazito mno peke yake. Mgongo mzima hautaki zaidi ya vijiko viwili vya chai. Mimina kwenye kiganja chako, uyapashe kwa kusugua viganja, ndipo umguse mwenzako. Kummwagia mtu mafuta baridi mgongoni ni kumkaza misuli uliyotaka kuilegeza.

Hapa niondoe imani moja ya viwanjani. Tuliambiwa kuchua hutoa "asidi" iliyobaki katika misuli. Asidi hiyo huondoka yenyewe kwa muda wa saa moja hivi baada ya kupumzika. Maumivu ya kesho yake na kesho kutwa yanatokana na nyuzi za misuli zilizochoshwa kuliko zilivyozoea. Kuchua hupunguza maumivu hayo kiasi, nayo ni faida, lakini hakuponyi jeraha.

Pili, shingo na mgongo wa mtu wa ofisini, au wa mwanafunzi aliyeinamia kitabu usiku kucha. Hapa mna vifundo vya misuli iliyokaza, na kazi yake ni kukanda. Ukitia mafuta mengi, kidole kitateleza kando ya kile unachokitafuta. Chukua krimu ya kawaida isiyo na dawa, kiasi cha ncha ya kidole, au mafuta matone machache tu. Bonyeza taratibu, subiri, achia. Usibonyeze juu ya mifupa ya uti wa mgongo yenyewe, wala mbele ya shingo kwenye mishipa mikubwa ya damu.

Tatu, magoti ya wazee wetu. Zipo jeli zenye dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, kama diklofenaki, na uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba husaidia goti lililochakaa. Kipimo cha ile ya asilimia 1 ni gramu 4 kwa goti, mpaka mara nne kwa siku, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yake. Jeli hiyo hupakwa mpaka ienee, basi. Haichuliwi kwa nguvu, haifungwi kwa plastiki, haiwekewi maji ya moto, wala haichanganywi na mafuta. Anayedhurika na aspirini, au mama mjamzito, asiipake bila kumwuliza mganga. Mimi kwa mama hufanya hivi: asubuhi jeli kwenye magoti, usiku mafuta ya ufuta kwenye mapaja na ndama, kwa mkono mwepesi, kwa kuwa ngozi ya mzee ni nyembamba na huvilia damu upesi. Mama husema, "Dawa ni hiyo ya kwenye tyubu, mwanangu, lakini mkono wako ndio unaonilaza." Basi msidharau mkono, hata kama chupa iliyo mkononi ni ya mafuta ya kupikia.

Nne, watoto wachanga, maana humu mna baba wapya. Mtoto hapaswi kuchuliwa kwa kukaza. Hupapaswa kwa mafuta mepesi, na utosi wake haubonyezwi. Mwaka 2005 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa hospitalini Dhaka, Bangladesh, kwa watoto waliozaliwa kabla ya majuma 33. Waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa, kwa tofauti ya asilimia 41 hivi. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mafuta ya zeituni, tunayoyaheshimu kwa ughali wake, yalidhoofisha kinga ya ngozi ya watu wazima, hali alizeti hayakufanya hivyo. Kwa hiyo ughali wa chupa si ushahidi. Ila mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati asipakwe kitu bila shauri la wauguzi, kwa kuwa ngozi yake bado haijakomaa.

Tano, miguu yenye ganzi. Mtu mwenye kisukari cha muda mrefu, au aliyewahi kuugua ukoma, huenda asihisi joto wala mkwaruzo. Kwake dawa inayowaka ni hatari, maana itamwunguza asijue. Mgonjwa wa ukoma hufundishwa kuloweka miguu katika maji ya kawaida, kisha kuipaka mafuta ingali na unyevu ili isipasuke. Mwenye kisukari apake krimu au mafuta ya mgando juu ya mguu na kisiginoni, lakini asipake kati ya vidole, kwa kuwa unyevu hapo huleta fangasi na vidonda. Katika miguu hiyo kazi ni kupaka na kukagua kila siku.

DAWA ZINAZOWAKA

Sasa nimefika kwenye chupa yangu ya mwaka 1997.

Dawa nyingi za kuchua zina mentholi, kafuri, pilipili, au kitu kiitwacho methili salisaleti, ambacho asili yake ni mafuta ya mmea wa wintagrini. Joto unalolihisi silo joto la misuli. Pilipili hugusa vihisio vya joto vilivyo katika mishipa ya fahamu, na mentholi hugusa vya baridi, ubongo ukadanganyika. Jambo hili liligunduliwa kwa undani na wataalamu wa Marekani, na mwaka 2021 David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Nishani ya Nobel kwa kuvumbua vihisio vya joto, baridi na mguso. Julius alianza na pilipili hiyo hiyo tunayoila.

Kudanganya maumivu kuna faida yake. Mgongo uliochoka hupumua, na krimu ya pilipili huwasaidia baadhi ya watu wanaobakiwa na maumivu baada ya mkanda wa jeshi. Lakini maumivu ni mlinzi wa nyumba. Mimi siku ile nilimpa mlinzi usingizi, mwizi akiwa ndani.

Tena dawa hizo zina sumu yake. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi ya wintagrini kina nguvu sawa na gramu 7 hivi za aspirini, yaani vidonge zaidi ya 20 vya miligramu 300. Mtoto akinywa kiasi hicho anaweza kufa. Na si kwa kunywa tu. Mwaka 2007, huko New York, msichana wa miaka 17 aliyekuwa mkimbiaji wa shule alifariki, na mpasuaji wa mji alieleza kwamba mwilini mwake mlikutwa methili salisaleti nyingi mno, iliyotokana na dawa za kupaka misuli alizozitumia kupita kiasi. Kafuri nayo ikimezwa na mtoto humletea degedege, hata kwa kiasi kidogo.

Kwa hiyo sheria za dawa inayowaka ni hizi. Paka kidogo, sehemu ndogo, kwenye ngozi nzima. Usifunge bandeji ya kukaza juu yake. Usiweke maji ya moto wala chupa ya moto juu yake. Usipake mara baada ya kuoga maji ya moto. Usimpake mtoto mdogo, wala usimwekee puani. Osha mikono kwa sabuni kabla hujagusa macho, au sehemu nyingine ambazo vijana mtazifahamu kwa majuto.

Mafuta makali ya mimea yamo katika kundi hilo hilo. Ndugu zetu wa Pemba wana kiwanda cha makonyo pale Wawi, ambapo mafuta ya karafuu hukamuliwa kwa mvuke. Ni bidhaa ya heshima, na madaktari wa meno wanaijua. Lakini mafuta hayo yana eujenoli nyingi, nayo huunguza ngozi yasipozimuliwa sana. Kila mafuta yanayonukia sana huzimuliwa ndani ya mafuta ya kawaida. Na kila kitu kipya hujaribiwa kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono na kuachwa siku moja. Waulize pia watu kama wanadhurika na karanga au ufuta.

Neno moja juu ya krimu zisizo na jina zinazouzwa sokoni kwa sifa ya kuponya kila kitu. Nyingine hutiwa dawa za steroidi, kama betamethasoni. Mwanzoni ngozi hulainika na wewe hufurahi, baadaye ngozi hukonda na kupasuka. Krimu isiyoeleza kilichomo ndani yake, usimchulie nayo mtu umpendaye.

PASIPOFAA KUCHULIWA

Ndugu Mwenyekiti, hili ndilo lililonileta. Kabla ya kuuliza mafuta au krimu, liko swali linalotangulia: je, mahali hapa pachuliwe?

Mguu uliopinduka sasa hivi, jibu ni hapana. Kwa siku mbili au tatu za kwanza usichue, usiweke joto, usiendelee kucheza. Mpumzishe, uinue mguu, uweke kitu cha baridi kilichofungwa kwa kitambaa kwa muda wa dakika 15 hivi kwa mara moja, ufunge bandeji ya kushikilia bila kukata damu.

Kisha angalia kama mfupa umevunjika. Waganga wa Ottawa, Kanada, walichapisha mwaka 1992 kanuni rahisi zinazotumika mpaka leo ulimwenguni. Kwanza, je, aliweza kukanyaga hatua nne baada ya kuumia, na anaweza sasa, hata kwa kuchechemea? Pili, ukibonyeza sehemu ya nyuma au ncha ya chini ya vile vifundo viwili vya mfupa, wa ndani na wa nje, anaumia pale pale mfupani? Tatu, akiwa anaumia katikati ya mguu, ukibonyeza mfupa wa ukingo wa nje, kwenye shina la mfupa unaokwenda kwenye kidole kidogo, au mfupa wa juu upande wa ndani, anaumia? Akishindwa hatua nne, au akiumia kwenye mojawapo ya mifupa hiyo, apelekwe kupigwa picha. Mwenzangu angeshindwa mtihani huo katika nusu dakika, na mimi ningejua. Kanuni zilikuwa zimekwisha chapishwa miaka mitano. Hazikuwa zimefika katika sanduku langu.

Ya pili ni ndama ya mguu mmoja iliyovimba, inayouma na yenye joto, hasa kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, mama aliyejifungua, au msafiri aliyekaa ndani ya basi kutwa nzima. Huenda damu imeganda katika mshipa. Ukichua, kipande kinaweza kukatika kikaenda kwenye mapafu, na mtu akafa mikononi mwako. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ya tatu ni ngozi yenye kidonda, jipu, upele au kuungua. Ya nne ni mtu mwenye homa. Ya tano ni mguu wa matende, unaowasumbua ndugu zetu wengi wa pwani. Huo hutakiwa kuoshwa kwa sabuni kila siku, kukaushwa vizuri mpaka kati ya vidole, na kuinuliwa. Kuuchua kwa nguvu ni kuuongezea taabu.

SANDUKU

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Wanafunzi wa zamani wa mwaka wangu tumechanga, na leo tunaikabidhi shule masanduku ya huduma ya kwanza, moja kwa kila bweni. Ndani yake mna bandeji za kutosha, mkasi unaokata, mifuko ya kuwekea barafu, glavu, chupa ya mafuta ya alizeti na kopo la krimu isiyo na dawa. Dawa inayowaka hamna. Itakaa kwa muuguzi, na atakayeihitaji atakwenda kumweleza anaumwa wapi. Juu ya kifuniko, kwa ndani, tumebandika karatasi yenye kanuni za Ottawa na sababu tano za kutochua. Atakayefungua sanduku ataiona karatasi kabla ya kuiona chupa. Hivyo ndivyo tulivyokusudia.

Kwa kijana atakayekabidhiwa sanduku hilo, nina ombi moja. Wenzako watakuita Dokta. Ni jina tamu. Likubali, lakini siku mwenzako atakapouma kola ya jezi asipige kelele, usimwambie avumilie. Weka mikono yako chini, umwite mkubwa, hata kama mwenzako atakukasirikia kwa kukosa mchezo. Hasira ya mchezo huisha kwa juma moja.

Asubuhi ya leo nimepanda kilima cha lango letu pamoja na rafiki yangu huyo. Nilipunguza mwendo ili tulingane. Akaniambia, "Dokta, usinisubiri kwa huruma, nisubiri kwa kuwa una mengi ya kunieleza." Nikamwomba radhi, jambo ambalo kwa miaka yote hii nilikuwa nikilizungukia tu. Akanijibu kwamba alikuwa amekwisha nisamehe tangu Kidato cha Nne, ila alikuwa akingoja nilisome kosa langu hadharani ili lisirudiwe hapa. Ndiyo haya niliyoyasoma. Wazee walisema, kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.